Helikopta ya Muuza Mbolea

Helikopta iliingia ghalani juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka nyeupe, na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni na matenga ya kabichi walisimama pembeni wakapiga ishara ya msalaba. Huwezi kuwalaumu. Ukubwa wake ulikuwa wa mtoto mdogo aliyelala. Mwenye mkokoteni alikuwa Maneno, Mnyamwezi aliyeshuka Morogoro kunyoosha miguu akiwa safarini kwenda Dar, akainyoosha mpaka akapata wajukuu. Hakuwasahihisha wanawake wale. Aliinamisha uso, akasukuma taratibu kama mfiwa, na alipofika mlangoni pa ghala akaita, "Mama Regina, njoo upokee msiba wenu."

Angelina, ndiye huyo Mama Regina, alitoka na unga mikononi. Nyuma ya mkokoteni aliwaona Mzee Wilfred, mwenye duka kubwa la pembejeo kule Msamvu, na mpwa wake Oscar, kijana aliyesoma Ulaya akarudi na kofia.

"Shikamoo, mzee," alisema Angelina.

"Marahaba," alijibu Mzee Wilfred, akampita.

Ghala lile lilikuwa la chama cha ushirika. Chama kilipofilisika, na redio ikatangaza kwamba biashara sasa ni ya kila mwenye uwezo, mwenye uwezo alionekana kuwa Mzee Wilfred. Alinunua ghala pamoja na vyote vilivyokuwamo. Miongoni mwa vilivyokuwamo ni Athanas fundi seremala, benchi lake la kazi, mkewe Angelina, na kitanda chao nyuma ya pazia. Watoto wao walisoma Matombo kwa bibi yao, la sivyo nao wangekuwamo kwenye mauzo.

Mzee Wilfred alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pazia, akalivuta kama mtu anayefungua dirisha lake mwenyewe. Akaruka sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni. "Hapa urea," alisema, akionyesha benchi. "Pale ya kupandia." Kisha akaonyesha kitanda, ambacho Angelina alikuwa hajakitandika. "Na hapa mbegu. Pamekauka vizuri."

Angelina alivuta kanga yake akafunika shuka lenye kiraka.

Athanas alikuwa ameshafunua helikopta. Ilikuwa na bodi nyekundu, injini ndogo inayonuka mafuta ya nyonyo, na mkia uliopinda. Juu yake, palipotakiwa kuwa na mapanga mawili kama ya pangaboi, palikuwa na kisiki kimoja na vibanzi.

"Ilikuwa inavuta kitambaa chenye jina la duka," Oscar alieleza, sauti yake ikiwa chini. "Nilikuwa nafanya mazoezi. Ukaja upepo wa mlimani, ikaingia kwenye mkaratusi."

"Mkaratusi haukuja," alisema mjomba wake. "Mkaratusi ulikuwepo."

Oscar alisema vyuma alikuwa navyo vya akiba, kasoro mapanga tu. Mapanga yalikuwa ya mbao, na ya akiba yangechukua miezi kufika. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane yalikuwa wiki ile ile.

Hapo Athanas ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini mume wa Angelina alikuwa na ugonjwa wake, na dawa yake haijapatikana. "Mzee, hicho ni kipande cha mti tu," alisema. "Mimi nilimchongea mzee mmoja wa Kinole mguu wa mninga, akaingia nao uwanjani akafunga magoli mawili. La pili refa alilikataa, alisema mguu umefika golini kabla ya mwenyewe."

Maneno alicheka. Mzee Wilfred hakucheka. "Sikukuuliza habari za miguu. Nasema hivi, mbele ya huyu mchukuzi. Ikiruka Nanenane, mtakaa humu. Isiporuka, kesho yake mbolea inaingia na nyie mnatoka."

"Umesema tutakaa, mzee," Angelina alisema.

Kwa mara ya kwanza Mzee Wilfred alimtazama. "Nimesema mtakaa."

*

Athanas alitoa ubao wa mkangazi aliokuwa akiutunza juu ya dari. Nusu yake alikuwa ameshaitumia kumtengenezea mkewe rafu ya vyombo, ahadi iliyochukua miaka tangu harusi, na Angelina alikuwa amezipanga sahani zake pale kama madhabahu. Nusu iliyobaki ilitosha mapanga mawili na hapakubaki hata cha kutengenezea kijiko.

Alichukua kile kisiki kilichosalia akakifanya kielelezo. Panga lilikuwa bapa chini, limevimba juu, ukingo mmoja mnene na mwingine mwembamba. Athanas alikuwa ametengeneza milango ya mabawa mawili tangu alipokuwa mwanafunzi wa fundi wa misheni, na mikono yake ilijua jambo moja bila kumuuliza mwenyewe: vitu viwili vya kukaa pamoja hutazamana, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Akachonga hivyo. Akavipiga msasa vikang'aa. Akaviweka kwenye ncha za mzani wa uzi, vikatulia sawasawa, uzito mmoja.

"Angalia, Mama Regina," alisema. "Mapacha."

Angelina aliangalia. Kweli vilipendeza.

Oscar alinyoosha mkia, akabadilisha mhimili, akafunga mapanga kwa skurubu. Ncha moja aliipaka rangi nyekundu na nyingine nyeupe. Alieleza kazi yake kwa upole, maana hakuwa kijana mwenye maringo kama kofia yake ilivyodai. Kila panga lina kijifimbo cha chuma kinacholishika. Ukikirefusha kwa kukizungusha, panga linainama zaidi, linabeba zaidi. Ukikifupisha, linalala. Mapanga yakiinama sawa, yakizunguka utaona mstari mmoja tu hewani. Yasipoinama sawa, utaona mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini, na helikopta itatetemeka kama mwenye malaria.

"Anayetazama lazima akae mbali, ainame, macho yawe sawa na mapanga," alisema. "Mimi niko kwenye rimoti. Fundi yuko karibu na injini."

Wote wawili wakamgeukia Angelina.

*

Waliifunga miguu ya helikopta kwenye mkokoteni wa Maneno, mkokoteni wakaujaza mawe. Maneno alisimama pembeni akiushika mpini. "Ikiruka na mkokoteni wangu," aliwatania Athanas na mkewe, Waluguru, "mtanitafutia Waluguru wawili wa kuvuta mizigo, na najua hamna nguvu hizo."

"Sisi tunabeba kwa kichwa," Angelina alijibu. "Nyie ndio mnahitaji magurudumu."

Injini ilipiga kelele kama pikipiki iliyokanyagwa mkia. Kuku wa jirani walihama mtaa. Angelina aliinama nyuma ya gunia la maranda, akakaza macho, na akaiona mistari miwili, kama mdomo uliofunguka.

"Nyekundu iko juu," alipiga kelele. "Nyeupe chini."

Oscar alizima, akarefusha kijifimbo cha panga jeupe kidogo. Wakawasha tena. Mdomo ulifumba. Athanas alianza kutabasamu. Kisha Oscar akaongeza moto, na mdomo ukafunguka upya, mkubwa kuliko mwanzo. Mkokoteni ukaanza kurukaruka na mawe yake, na Maneno akacheza nao asivyopenda.

Waliifanya kazi hiyo asubuhi nzima. Wakiweka sawa chini, inakataa juu. Wakiweka sawa juu, chini inatetemeka mpaka skurubu zinalegea. Oscar alipima mwinamo wa panga moja baada ya jingine kwa kifaa chake, vipimo vikalingana, akavipima tena, vikalingana tena. Kofia aliivua akaitupa kwenye nyasi.

"Vyuma viko sawa, fundi," alisema. "Itakuwa mbao."

"Mbao umeziona kwenye mzani kwa macho yako."

"Nimeziona."

"Basi vyuma vyako vimepinda mahali. Helikopta imegonga mkaratusi, kijana wangu, haikugonga godoro."

"Kila chuma nimebadilisha."

"Basi na dereva naye abadilishwe."

Ile ilimwingia Oscar. Kwa desturi ya kwao yeye ndiye mpwa, mtoto wa dada, na mali ya mjomba huangalia upande wake. Lakini mjomba alikuwa na watoto wa kuzaa waliosoma uhasibu, na tangu mkaratusi ule alikuwa akiwasifia mezani. Angelina alilijua hilo kwa sababu Msamvu nzima ililijua.

Mzee Wilfred mwenyewe alifika saa ya chakula, akiwa na mtu wake mwenye futi ya kupimia. Hakuuliza kitu. Alisimama akatazama helikopta ikitikisika juu ya mawe, na alipoona ya kutosha akamwambia mtu wa futi, "Ingia upime." Mtu yule akapita mbele ya Angelina, akaingia nyuma ya pazia. Walimsikia akisogeza kitanda.

"Kesho asubuhi naipeleka uwanjani," Mzee Wilfred alimwambia mpwa wake. "Ikiwa hivi, nitaiweka mezani watu waione imekaa. Na wewe utakaa kando yake."

*

Mzee Wilfred na mtu wake walipoondoka, Athanas aliketi kwenye kizingiti na hakusimulia chochote. Hilo ndilo lililomtisha Angelina. Mume wake aliposimulia uongo, mambo yalikuwa na nafuu.

Alichukua kitambaa akaenda kuifuta helikopta mafuta. Si kwamba alikuwa na mawazo yoyote, ila kitu kichafu kilimkera. Alilifuta panga jekundu kuanzia ukingo mnene kuja kwenye mwembamba, kama unavyofuta kisu ili usijikate. Akakizungusha kichwa cha helikopta kwa kidole, upande ule ule kilikokuwa kikizunguka, panga jeupe likaja mbele yake. Akaweka kitambaa kwenye ukingo wa mbele, na kidole kikakutana na wembamba.

Alirudisha nyuma. Nyekundu: mnene unatangulia. Nyeupe: mwembamba unatangulia.

Akakizungusha polepole tena. Alikumbuka ngoma za kwao, wanawake wakizunguka duara, kila mmoja akifuata mgongo wa mwenzake. Sasa mwanamke mmoja kwenye duara hili alikuwa anacheza kinyumenyume, na kila walipoongeza mwendo ndivyo alivyozidi kuwakanyaga wenzake.

"Baba Regina," aliita, si kwa sauti kubwa. "Njoo utie mkono hapa."

Athanas alikuja akatia mkono. Akazungusha. Akatia tena. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Kulia na kushoto. Mlango wowote mzuri uko hivyo."

"Mlango hauzunguki."

"Nimefanya kazi hii tangu hujanijua."

"Sijasema hujui kazi. Nasema mlango hauzunguki."

Oscar alikuwa kule kisimani akinawa uso. Athanas alimtazama, akashusha sauti. "Sikiliza. Huyu kijana ni mpwa wake. Akikosea, atafokewa, atakula, atalala. Sisi nikisema nimekosea mimi, tunalala wapi? Tunyamaze. Aseme vyuma. Ni vyuma, nani atajua?"

"Na kesho akiamua kuirusha hivyo hivyo ili mjomba wake asimweke mezani?" Angelina aliuliza. "Uwanja umejaa watoto. Kile kipande kikimpata mtu kichwani, utamsimulia mama yake habari ya mguu wa Kinole?"

Athanas alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu, akaenda kisimani. Angelina aliwaona wakiwa wamesimama, fundi akizungusha kidole hewani, akikionyesha kulia na kushoto. Aliona kijana akishika kichwa kwa mikono miwili. Akafikiri, sasa atakimbilia kwa mjomba wake. Oscar akakaa chini kwenye majani na kuanza kucheka kicheko cha mtu aliyeumwa jino likang'oka.

"Mimi ndiye niliyeyafunga, mama," alisema alipofika. "Kwa mkono wangu. Nimeyapima mara ngapi, na nilikuwa naangalia kifaa tu. Mjomba asijue mimi, asijue fundi. Tunaelewana?"

"Mimi nimeona nini?" Angelina alijibu. "Nilikuwa nafuta mafuta."

Ilibaki shida moja, na Athanas ndiye aliyeitamka bila kumtazama mkewe. Panga jipya lilipaswa kulingana uzito na mwenzake, na mbao nyingine zote ghalani zilikuwa za mkaratusi mbichi. Mkangazi wa ubao ule ulikuwa mahali pamoja tu.

Angelina aliingia ndani. Alishusha sahani moja moja, akaziweka sakafuni juu ya gazeti. Bakuli la maua alilopewa na mama yake alilifunga kwenye kitenge. Kisha akaing'oa rafu mwenyewe, maana aliona mume wake ameshika nyundo na hapigi.

"Panga moja," alimwambia. "Na utazame linakokwenda."

Jua lilikuwa bado juu ya paa walipoifunga tena kwenye mkokoteni. Angelina aliinama nyuma ya gunia. Injini ikalia. Mistari miwili ilionekana, ikasogeleana baada ya Oscar kukaza kijifimbo, ikawa mmoja. Oscar akaongeza moto. Mstari ukabaki mmoja. Akaongeza tena, na mkokoteni, badala ya kurukaruka, ukawa mwepesi tu, Maneno akiubonyeza kwa kifua.

"Vipi, mama?" Oscar alipiga kelele.

"Mmoja," Angelina alisema, akanyoosha kidole kimoja juu.

*

Nanenane helikopta iliruka. Wapo wanaosema hadi leo ilikwenda ikachungulia Milima ya Uluguru upande wa pili ikarudi, na mimi siwabishii. Iliruka juu ya mabanda, ikivuta kitambaa chenye jina la duka, na wakulima kutoka Mkuyuni hadi Kisaki waliacha ng'ombe wa maonyesho wakatazama juu. Ilipotua, walipanga foleni kwenye banda la Mzee Wilfred kuagiza mbolea.

Mzee Wilfred alimshika mpwa wake bega mbele ya wageni. Mmoja akauliza nani alichonga mapanga. "Kuna kijana wangu mmoja wa ghalani," alisema. Athanas, mwenye mvi, alikuwa amesimama hatua chache nyuma akiwa na shati lake la kanisani.

Kesho yake lori lilirudi nyuma hadi mlangoni. Angelina alilisikia akiwa anakoroga uji. Wapagazi wakaanza kuingiza mifuko, Maneno akiwa miongoni mwao, safari hii bila utani.

"Mzee, ulisema tutakaa," Angelina alimwambia Mzee Wilfred.

"Kwani nimewafukuza? Mmeleta wateja wenyewe. Mbolea ikae wapi?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha kweli. "Nilisema mtakaa. Kaeni."

Wakakaa. Mifuko ilipanda mpaka kwenye kenchi za paa. Benchi lilibaki kwenye kichochoro ambacho mtu mnene angepita ubavu. Kitanda kilizungukwa pande tatu, na harufu iliwachoma macho wakaamka kila siku kama watu waliotoka kilioni. Sahani zilibaki sakafuni. Athanas alifanya kazi nje palipokuwa na kivuli, na mvua ilipokuja hakufanya kazi.

"Ahadi ameitimiza," alisema. "Huwezi kusema hakuitimiza."

"Sijasema kitu," Angelina alijibu.

*

Mzee Wilfred aliipeleka helikopta Kilosa, siku ya gulio. Ilirudi kwenye mkokoteni, chini ya shuka.

Walikuja wote, mjomba na mpwa, wakajipenyeza kichochoroni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nje ni matope. Oscar alisalimia, "Shikamoo, mama," akatazama viatu vyake. Safari hii ilikuwa nguzo ya simu. Na Jumapili palikuwa na gulio kubwa Mkuyuni, matangazo yamekwisha kubandikwa, na muuza mbolea mwingine naye ameshatangaza kuwa atakuwepo.

Athanas alivuta pumzi, na Angelina aliijua pumzi ile. Ilikuwa ya mtu anayetaka kusema hicho ni kipande cha mti tu. Akawahi.

"Anaweza, mzee. Hakuna mwingine anayeweza. Ila mkono haufiki."

"Haufiki wapi?"

Angelina alichukua randa kwenye benchi akampa. "Jaribu mwenyewe, baba."

Mzee Wilfred aliishika kwa sababu ilikuwa imeshaingia mkononi. Aliisukuma kwenye benchi, na aliporudisha mkono, kiwiko kikagonga mfuko wa urea nyuma yake. Akasogea. Kiwiko cha pili kikagonga mwingine. Mfuko uliochanika ukammwagia chembe nyeupe begani mwa koti.

"Panga likikosea kidogo tu linatetemeka," Angelina alisema. "Muulize Oscar."

Mzee Wilfred alimgeukia mpwa wake. Oscar alimtazama Angelina, akamtazama mjomba. "Ni kweli, mjomba. Kidogo tu."

"Maneno," Mzee Wilfred aliita. "Toa mifuko miwili hapa."

"Miwili inampa nafasi ya mkono," Angelina alisema. "Miguu je? Anayepiga randa anatembea."

"Toa upande huu."

"Na kitanda, mzee."

"Kitanda kinahusiana nini na helikopta?"

"Asiyelala mkono unatetemeka. Na akitetemeka yeye, inatetemeka na yenyewe, mbele ya watu, na yule mwenzako amesimama pale."

Nje lori lake la mbolea lilikuwa limesimama. Mzee Wilfred alijipangusa bega, akajipangusa tena. Akaiweka randa chini kwa uangalifu kama yai.

"Toa yote," alimwambia Maneno. "Peleka nyumbani kwangu, weka kwenye kibanda cha gari." Na alipokuwa akitoka ubavu alisema, bila kugeuka, "Mama Regina, nataka Jumamosi iwe tayari."

"Itakuwa tayari, mzee."

Maneno aliingia na wenzake, mifuko ikaanza kwenda kupakiwa kwenye lori mmoja baada ya mwingine. "Miaka yote hii nasikia Waluguru wanalima milimani," alisema chini ya mzigo wake. "Kumbe wanalima na watu."

Mwanga ulianza kufika kwenye benchi. Athanas aliukamata ubao aliokuja nao Oscar, akautazama unakokwenda, akatazama tena, kisha akaanza kupiga randa, mkono wake ukinyooka wote, na maranda yakaanguka marefu yasiyokatika. Alikuwa na haraka ya mtu aliyefunguliwa.

Angelina alimwekea mkono juu ya mkono.

"Polepole, Baba Regina," alimwambia sikioni. "Hii usiimalize upesi. Acha kwanza lori liondoke."